Asilazimike tena kunipatia neno lake la siri



Mwezi uliopita mwenzangu mmoja alikuja kwetu na simu yake. Tulisoma naye, diplome tulizipata siku moja, na ushomeri pia tunaugawana sawa. Kitu kimoja tu kinatutofautisha: tangu ajali ya pikipiki vidole vyake havishiki vizuri, na mkono wa kushoto hauinuki.

Kulikuwa kazi imetangazwa, na maombi yalipitia kwa intaneti tu. Bahasha hawapokei. Alijaribu mara tatu. Kila mara ile fomu ilimpatia dakika 15, na muda ukiisha, yote aliyoandika yanafutika. Mara ya tatu alikimbia mpaka akafika mwisho, akakuta kile kipicha cha kuvuta kwa kidole ili uonyeshe kwamba wewe ni mtu, hauko mashini. Kidole kinatetemeka, kipicha kinarudi nyuma. Jaribu tena. Jaribu tena.

Akaniambia: « Fanya wewe. » Akanipatia simu, neno la siri la barua pepe yake, namba ya kadi yake, kila kitu. Nilimaliza kwa dakika 11. Yeye alikuwa anaangalia pembeni.

Sasa sikilizeni: na mimi nilikuwa nimeomba kazi ile ile. Yaani mtu alilazimika kupatia siri zake zote yule anayeshindana naye. Ningeweza kukosesha tarakimu moja tu ya namba yake ya simu, na asingejua hata siku moja.

Kuko watu watasema: si alisaidiwa? Shida iko wapi? Hapana. Kusaidiana ni kwetu. Mtu wa trisikli akikwama kwa mlima, tunasukuma bila kuulizwa. Lakini mlima uliwekwa na Mungu. Ile fomu iliandikwa na mtu kwa mikono yake, na mtu anaweza kuiandika upya.

Tena hatuombi zawadi. Katiba yetu ya 2006, kwa kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yake. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja intaneti waziwazi. Kisha tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu hawa. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, siku ofisi inafungua tovuti yake mpya: je, asiye na vidole ataingia namna gani?

Lakini tusilaumu wakubwa peke yao. Hizi tovuti nani anazitengeneza? Ni sisi. Ni vijana wa informatike, kwa dola kidogo, usiku, umeme ukirudi. Mimi mwenyewe, kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilitengeneza tovuti ya shule. Ilikuwa nzuri kwa macho, na walimu walinisifu. Juzi niliifungua tena, nikaweka suri ya ordinatere pembeni, nikajaribu kutembea kwa klaviye peke yake. Sikufika hata kwa butoni ya kwanza. Nilikuwa nimechora butoni za rangi ambazo kwa ordinatere haziko butoni, ni masanduku tu. Niliona aibu.

Kujirekebisha hakuombi franga. Shirika la W3C linatoa kanuni zinazoitwa WCAG tangu 1999. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, na kusoma ni bure. Zinasema nini? Kila kitu kiweze kufanyika kwa klaviye, juu vifaa vingi vya watu wenye ulemavu, hata fimbo ya kushika kwa mdomo, vinafanya kazi sawa na klaviye. Mahali pa kuvuta kwa kidole, weka pia njia ya kubonyeza tu. Butoni isiwe chini ya pikseli 24 kwa 24, ao iachiwe nafasi ya kutosha pembeni. Na kama muda unakaribia kuisha, mwambie mtu mbele ya wakati na umruhusu kuongeza. Hayo manne tu yangemwezesha mwenzangu kumaliza peke yake.

Mwingine ataniuliza: umeme hakuna, mega ni ghali, na wewe unatuletea mambo ya butoni? Ndiyo, na ni juu ya hiyo mega. Mwenye kuanza fomu mara tatu analipa mega mara tatu. Umaskini wetu wote, yeye anaulipa zaidi.

Basi ninaomba mambo mawili. La kwanza, wewe unayetengeneza tovuti: leo jioni acha suri, tembea na klaviye. Pale utakapokwama ndipo mwenzako anakwama kila siku. La pili, wewe unayetufuata hapa: ukikuta ofisi inayopokea maombi kwa intaneti tu, waandikie, taja sheria ya 2022, na udai njia ambayo kila mtu ataipitia mwenyewe. Na tuanzie kwetu: fomu zetu sisi, za kukusanya majina na sahihi, zipimwe kwanza na wenzetu wenye ulemavu mbele hatujazitangaza.

Ile kazi, hatukuipata, si yeye wala mimi. Itatangazwa ingine. Siku hiyo ninataka nishindane naye kwa haki, neno lake la siri akilijua yeye peke yake.

Tuko pamoja.