Mdhamini asisubiri wito wa mahakama ndipo ajue deni

Kunduchi Mtongani, kando ya Barabara ya Bagamoyo, malori hayana saa ya kulala. Yapo yanayoteremka na saruji kutoka Wazo, yapo yanayobeba kokoto. Si kila lori lenye jina la kampuni mlangoni ni mali ya kampuni hiyo. Kuna yaliyonunuliwa na benki au kampuni ya karadha, mfanyabiashara akakabidhiwa alitumie huku akilipa marejesho kila mwezi. Tanzania ina sheria ya biashara hiyo tangu mwaka 2008, na imewafaa wengi wasio na nyumba ya kuweka rehani.

Lakini benki haitegemei lori peke yake, bali hutaka wadhamini. Kampuni ni nafsi inayojitegemea mbele ya sheria, msimamo uliothibitishwa Uingereza katika shauri la Salomon mwaka 1896, hivyo ikifilisika, mwenye hisa hafuatwi kwake kwa deni la kampuni. Dhamana binafsi ndiyo inayoufungua mlango huo. Mkurugenzi husaini, na si ajabu mkewe, shemeji au mjomba mstaafu naye akaombwa asaini.

Marejesho yakikwama, wote hao wanaweza kushtakiwa pamoja na kampuni. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Mikataba kinasema dhima ya mdhamini ni sawa na ya mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Maneno hayo yana asili yake katika sheria ya India ya mwaka 1872. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Benki ya Bihar dhidi ya Damodar Prasad, ilikataa hoja kwamba benki imalizane kwanza na mkopaji ndipo imgeukie mdhamini. Hapo benki ina haki. Fedha inazokopesha ni za wenye akiba, na dhamana inayongoja mpaka mkopaji akaukiwe kabisa haina kazi.

Tatizo liko kwenye lori lenyewe. Benki hulichukua, hulipeleka mnadani, bei inayopatikana hupunguzwa kwenye deni, na salio ndilo analodaiwa mdhamini. Lori likiuzwa kwa bei ya kutupa, hasara ni ya mjomba ambaye hakujua hata siku ya mnada. Riba nayo imekuwa ikipanda tangu rejesho la kwanza lililokosekana, wakati yeye anadhani mambo yanakwenda sawa. Zaidi ya hayo, fomu nyingi za dhamana humfanya mdhamini aachilie mapema kinga anazopewa na sheria, kwa mfano ile ya kufunguliwa pale masharti ya deni yanapobadilishwa bila ridhaa yake.

Ujerumani iliiona hatari ya mdhamini kusaini asichokielewa wala kukimudu. Binti wa miaka 21, asiye na mali na mwenye kipato kidogo, alimdhamini baba yake kwa mark 100,000. Ofisa wa benki alimwambia asaini tu, kwamba hajifungi kwa jambo kubwa, karatasi inahitajika kwenye jalada. Oktoba 1993 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba majaji hawawezi kufumbia macho mkataba mzito kupita kiasi uliotokana na upande mmoja kumzidi mno mwenzake nguvu. Uingereza nayo, katika shauri la Etridge mwaka 2001, iliitaka benki ihakikishe mke anayedhamini biashara ya mumewe ameelezwa hatari hiyo na mwanasheria.

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Katika roho hiyo hiyo, mdhamini asiye mkurugenzi wala mwanahisa apewe mambo manne kwa maandishi: kiwango cha juu anachoweza kudaiwa, nakala ya mkataba kwa Kiswahili, taarifa rejesho la kwanza linapokosekana, na tarehe ya mnada mapema kiasi cha yeye kuweza kuleta mnunuzi. Benki makini haipotezi kitu hapo. Mdhamini aliyeshtuka mapema ndiye atakayekwenda kumbana mkopaji. Na shauri likifika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, benki inayodai salio ianze kwa kuonyesha lori liliuzwa lini, kwa nani na kwa shilingi ngapi.