Paa aliyenunuliwa kwa thumni

Edward Steere alikusanya ngano Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Mojawapo ni ya Sultani Darai: maskini anapekua jaa kama kuku, anaokota thumni, ananunua paa. Kumbe paa anasema! Baadaye anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba zima.

Utamu wa ulimwengu huo ni kwamba maajabu yana bei, tena bei ya sokoni. Msomaji wa Darajani, sokoni Unguja, akishaiamini thumni, paa hatamshinda.

Hapo waandishi wengi wanaobuni ulimwengu hukwama. Hubuni ramani, nasaba za wafalme na majina yasiyotamkika, wakasahau takataka za mji wao hutupwa wapi. Hata Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), aliiweka angani nchi yenye sheria na baraza, lakini jikoni mwake haingii mtu. Alitaka hoja, si harufu ya samaki; haya, tumwachie.

Kanuni za maajabu nazo zina ukaidi wake. Paa mwenye uwezo wote angeiua hadithi. Huyu anaugua, bwana anamnyima chakula kizuri, anakufa, anatupwa kisimani. Na bwana huyo aliyetajirika anazinduka jaani, anapekua.