Meno ya watoto yakaguliwe pande zote mbili za mpaka

Mzazi wa Osukuru, wilayani Tororo, akiona meno ya mwanawe yamebanana, hujipa moyo kwamba yatajipanga yenyewe. Mwenzake wa Busia, Kenya, hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi hayajipangi.

Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni, na kila moja humshikia nafasi mwenzake wa ukubwani. Gego la utotoni likioza na kung'olewa mapema, gego la ukubwani linaloota nyuma yake, kwenye umri wa miaka 6 hivi, husogea mbele na kuila nafasi hiyo. Jino linalofuata huota kombo au hukwama ndani ya taya. Wapo pia watoto wanaorithi taya ndogo. Vilevile wapo wanaochokolewa ufizi wakiwa wachanga ili kuondolewa yale yaitwayo meno ya plastiki, kumbe ni chonge changa. Kidonda hicho huweza kumuua mtoto au kuharibu jino la ukubwani.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Madaktari wa kunyoosha meno nchini Marekani hushauri uchunguzi wa kwanza ufanywe kabla mtoto hajapita miaka 7, taya ikiwa bado inakua. Wengi hawahitaji waya wakati huo. Kuziba jino lililotoboka, au kuweka kifaa kidogo cha kulinda nafasi, huweza kupunguza kazi kubwa ya baadaye.

Watakaosema malaria inatangulia wana haki. Lakini ukaguzi wa meno shuleni unahitaji kioo kidogo, mwanga na mtaalamu.

Mtaalamu ndiye adimu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliahidi kwamba nchi za Jumuiya zitatambua vyeti vya taaluma vya wenzao. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, hukagua lori mara moja badala ya mara mbili. Daktari wa meno naye arahisishiwe njia.

Tororo na Busia zipange siku za pamoja za kukagua wanafunzi wa madarasa ya mwanzo, na kadi ya mtoto itambuliwe pande zote mbili. Matibabu ya waya huweza kuchukua miaka miwili, na familia za mpakani huhama. Mtoto aliyeanzia Kenya asikatishwe matibabu kwa sababu wazazi wake wamerudi Osukuru.