Mikato Imenyooka, Madeni Hayajalipwa

Mwanafunzi wa uzamili akiwasilisha sura ya pili ya tasnifu yake, karatasi humrudia zimejaa wino mwekundu. Mkato hapa. Italiki pale. Mabano yamefungwa mapema. Swali la kama vitabu alivyovitaja amevisoma haliulizwi. Akituma muswada wake kwenye jarida, hukutana na mlinzi yuleyule mlangoni: muswada hurudishwa kabla hoja haijasomwa, kwa kuwa jarida linataka mtindo wa Vancouver naye ametumia APA. Nasema bila kumung'unya maneno: tumeugeuza urejeleaji kuwa gwaride, na katika gwaride husifiwa aliyenyoosha mguu, si mwenye la kusema.

Kurejelea ni kukiri deni. Asiyekiri ameiba, na anayekiri deni ambalo hakukopa amedanganya. Umbo la kukiri huko ni jambo la pili, tena limetokana na mahitaji ya kawaida kabisa ya kazi. Desturi ya kuweka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, aliyeitumia katika makala ya mwaka 1881. Mtindo wa Vancouver nao ulitokana na wahariri wachache wa majarida ya tiba waliokutana katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Walitaka kumwondolea mwandishi adha ya kuupanga upya muswada mmoja kwa kila jarida analoliomba nafasi. Yaani kanuni iliyobuniwa ili kutupunguzia mzigo ndiyo tunayotwishana leo.

Mzigo huo umewahi kupimwa. Mwaka 2019 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliowahoji watu 372 kutoka nchi 41, na wastani wa kati ulikuwa saa 14 za kupanga umbo la muswada mmoja, marejeo yakiwamo. Kwa mtumishi wa umma hapa Dodoma anayesoma uzamili jioni baada ya kutoka ofisini, saa 14 ni wiki nzima ya kusoma. Wapo watakaonijibu kwamba mpangilio hufundisha nidhamu. Nakubali sehemu moja ya jibu hilo: msomaji lazima aweze kukifikia chanzo, hivyo anahitaji jina, mwaka, anwani ya kazi, mahali ilipochapishwa na ukurasa. Yanayobaki, programu ya Zotero huyafanya kwa dakika chache, tena bila malipo.

Na sasa imekuja akili unde, ikatuumbua. Mashine hizi hutunga marejeo yasiyo na doa: mkato mahali pake, italiki mahali pake, juzuu na kurasa zimetajwa, ila makala yenyewe haijapata kuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Hila hiyo iligundulika kwa sababu upande wa pili ulizitafuta hukumu hizo na kuzikosa. Jiulize, ndugu msomaji: mtahini anayepima mikato peke yake angeigundua lini?

Hata bila mashine, marejeo yaliyopangwa vizuri huweza kuficha dhuluma. Chukua Ugogo. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, mshairi na mtumishi wa serikali, alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954. Miaka 15 baadaye, mwaka 1969, kilitoka kitabu mashuhuri cha Peter Rigby kuhusu ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo. Mnyampala alifariki mwaka huohuo. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake, iliyofanywa na Gregory Maddox, ilitoka mwaka 1995. Katika tasnifu ninazozisoma, Rigby hakosekani. Mnyampala ama hayupo, ama ameandikwa kwa mwaka 1995 peke yake, kana kwamba aliandika akiwa kaburini, tena baada ya Rigby. Mtindo wa APA wenyewe unataka mwaka wa asili utajwe pamoja na wa tafsiri. Aliyesahau ni mwandishi, na aliyepitisha ni msahihishaji aliyekuwa akihesabu nukta. Mgogo aliyeitangulia taaluma nzima sasa anaonekana kuifuata kwa nyuma.

Majina nayo yana visa vyake. Shaaban Robert huingia katika orodha kama "Robert, S.", na msomaji wa mbali akadhani ni Mwingereza. Huko Aislandi, ambako jina la pili kwa kawaida hutokana na la mzazi, watu hupangwa kwa jina lao la kwanza, na hata kitabu cha simu kilipokuwa kikichapishwa kiliwapanga hivyo, wala mbingu hazijaanguka. Sisi ambao wengi wetu hubeba jina la baba kama la mwisho hatujathubutu hata kuuliza.

Lililo zito zaidi ni wazee. Mtafiti huenda Mpwapwa, Bahi au Kondoa, akaketi na mzee siku tatu akifundishwa namna ya kusoma dalili za njaa kabla haijaingia. Kwa kanuni ya APA, maneno hayo yakitajwa kwa jina la mzee ni mawasiliano binafsi: hutajwa ndani ya matini, hayaingii katika orodha ya marejeo, kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafikia. Hoja hiyo ina mantiki kwa barua pepe. Kwa elimu iliyorithiwa vizazi kwa vizazi haina. Lorisia MacLeod, mkutubi kutoka jamii ya Wakrii wa Kanada, aliikataa. Alitengeneza violezo vya kuwarejelea wazee wa jamii za asili ndani ya orodha yenyewe, kwa majina na jamii zao, na mwaka 2021 akachapisha makala kuvieleza. Vyuo kadhaa vya huko vimevipokea. Mzee aliyeridhia jina lake litajwe, kwetu kinamzuia nini?

Itakumbukwa kwamba Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto huweza kuganda kabla ya yale ya baridi. Osborne angeweza kumtaja kijana huyo kwa shukrani katika tanbihi, na hakuna mhariri ambaye angelalamika. Makala yao ya mwaka 1969 ilitoka na jina la Mpemba likiwa la kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za uzamili na wahariri wa majarida yetu ni dogo. Muswada upokelewe kwa mtindo wowote ulio thabiti, na umbo la jarida lisubiri hadi makala ikubaliwe. Kampuni ya Elsevier imekwisha kuruhusu hivyo katika majarida yake mengi. Muda utakaookolewa utumike hivi: mtahini achague marejeo kumi bila kumwarifu mtahiniwa, avifungue vitabu hivyo, aende kwenye kurasa zilizotajwa, kisha amuulize mbele ya jopo kimeandikwa nini pale.