Majengo ya VETA Tunayaona, Geji na Pampu Ziko Wapi?

Vijana wenzangu, leo siandiki kuhusu katiba mpya wala tume ya uchaguzi. Hayo tumeyasema na tutaendelea kuyasema. Leo naandika kuhusu kazi inayoniweka mjini, ufundi wa AC, maana huko nako kuna siasa na watu wetu wanaumia kimya kimya.

Mwezi wa pili, joto la Dar likiwa limepamba moto, tulipata kazi ya kufunga AC sita kwenye jengo moja la ghorofa. Tulikuwa watatu: mimi, fundi mwenzangu na dogo mmoja saidia fundi. Dogo ndiye mwepesi, kwa hiyo ndiye aliyetoka dirishani ghorofa ya pili kushikilia lile boksi la nje wakati sisi tunakaza nati. Hakuwa na mkanda, hakuwa na kamba. Miguuni alivaa kandambili. Chuma kimoja cha kubebea kikaachia ukutani, boksi likayumba, dogo akaenda nalo.

Mungu mkubwa, alidondokea bati la kibanda cha chini. Hakufa. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Gharama za hospitali tulichangishana kwenye grupu letu la WhatsApp, huyu elfu mbili, huyu elfu tano. Mwenye jengo alitoa elfu hamsini na neno la pole. Aliyetupa kazi akasema yeye dogo hamjui. Na kweli hamjui, maana hakuna karatasi hata moja yenye jina la dogo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kisheria, lakini unahitaji mwajiri anayejulikana. Deiwaka hana mwajiri, ana bosi wa siku hiyo tu. Jua likizama kila mtu na lwake.

Najua kuna atakayesema ni uzembe wetu. Nakubali, tulizembea, na mimi nililala siku nyingi nikijilaumu. Ila jiulize na hili: nani alitufundisha kufanya vinginevyo?

Mimi ufundi nimejifunza kwa kubeba ngazi. Miaka miwili nilimbebea fundi mmoja pale Tandika begi la spana, namtazama mikono. Alikuwa mtu mwema na alinipa alichokuwa nacho. Alinionyesha kuchimbua ukuta, kukunja bomba la shaba bila kulivunja, kuchomelea na kujaza gesi mpaka bomba linaanza kutoa jasho. Basi, hapo nikawa fundi, nikanunua begi langu. Na sisi mafundi wa mtaani karibu wote tumepita njia hiyo hiyo.

Yale ambayo hakunionyesha nilikuja kuyajua baadaye, mengine kwa hasara ya wateja wangu. Sikujua kwamba ukishafunga bomba lazima uvute hewa yote kwa pampu ya vakyumu kabla ya kufungulia gesi, kwa sababu unyevu ukibaki ndani unageuka tindikali na kula kompresa taratibu. Sisi tulikuwa tunaachia gesi kidogo ipulize hewa itoke, tunafunga, tunachukua hela. Mteja baada ya mwaka kompresa imekufa, anaambiwa AC ilikuwa feki. Sikujua kwamba AC nzima iliyofungwa vizuri haihitaji kuongezwa gesi kila mwaka. Ikipungua ina tundu, na kazi ya fundi ni kutafuta tundu. Sisi tulikuwa tunaongeza gesi kila Desemba kama vile tunajaza mafuta kwenye bodaboda. Na sikujua kwamba gesi ya R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hivyo inaingizwa ikiwa kimiminika, tena inafanya kazi kwa presha inayozidi mara moja na nusu ile ya R22. Geji ya zamani ya R22 kwenye mashine hiyo ni kutafuta kulipukiwa usoni.

Sasa hivi mambo yamebadilika tena. AC nyingi mpya zinazoingia zinakuja na R32. Gesi hii ni nafuu kwa mazingira, ila inaweza kushika moto. Friji mpya za nyumbani nyingi zina R600a, na kuna mashine zinazotumia R290. Hizo mbili ni ndugu wa gesi ya kupikia. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba huku gesi ikiwa bado ndani, sigara mdomoni, anaingia chumbani kwa mama wa watu na watoto wamelala chumba cha pili. Hapa hatuzungumzii tena AC kuharibika, tunazungumzia nyumba kuungua.

Na hii siyo habari ya kusubiri miaka ijayo. Mkataba wa Montreal ni wa 1987 na nchi yetu imo. Chini ya mkataba huo, nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimekaribia kabisa kuachana na gesi za kundi la R22 ifikapo 2030. Mwaka 2016, hapo jirani Kigali, dunia ikakubaliana kuzipunguza na hizi za kundi la R410A. Kilo moja ya R22 ukiiachia hewani inapasha dunia joto sawa na karibu tani 1.8 za hewa ya ukaa. R410A ni zaidi ya tani mbili. Sisi mtaani tunafungua nati, inalia fyuuu, tunaendelea na kazi. Siyo roho mbaya. Mashine ya kunyonya gesi na kuirudisha kwenye mtungi wengi wetu hatujawahi kuishika, na wapo ambao hawajawahi kuiona.

Serikali itajibu kwamba VETA ipo. Nitasema ukweli kwa sababu chama chetu hakijengwi kwa uongo: VETA ipo, na imesaidia wengi. Sheria yake ni ya 1994. Ada ya kozi ndefu, elfu 60 kutwa na laki na ishirini bweni, ni ada ambayo mtoto wa mkulima anaweza kuisogelea. Utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti upo pia. Na sasa vinajengwa vyuo zaidi ya 60 vya wilaya. Haya yote ni mazuri.

Lakini chama tawala kina ugonjwa mmoja, kinahesabu majengo. Kila wiki ni kukata utepe, picha, makofi na bango lenye sura ya kiongozi. Mimi ukinipeleka kwenye chuo kipya sitauliza kina madarasa mangapi. Nitauliza: karakana ina AC ngapi za kufundishia, na ni za gesi gani? Kuna pampu za vakyumu ngapi kwa wanafunzi 30? Mashine ya kunyonya gesi ipo? Mwalimu alishika mashine ya inveta lini kwa mara ya mwisho? Je, chuo hicho kina fani ya majokofu na viyoyozi kabisa, au ni ushonaji, uashi na umeme wa majumbani basi?

Ukiuliza hayo utaambiwa bajeti finyu. Hapo ndipo ninapotaka tukae wote, maana pesa ya kufundisha ufundi katika nchi hii ipo na ina jina. Inaitwa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea anaikatia asilimia ya malipo yote ya wafanyakazi wake kila mwezi. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikashushwa hadi 5, 4.5, 4, na mwaka 2023 ikafika 3.5. Jina lake linasema ni ya ujuzi. Ila kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa theluthi moja tu kwenda VETA, na theluthi mbili kwenda kwingine, hasa mikopo ya elimu ya juu.

Msinielewe vibaya. Mdogo wangu mwenyewe yuko chuo kikuu kwa mkopo huo, na siwezi kusimama hapa nikasema wanyimwe. Mikopo ya vyuo vikuu ni wajibu wa Hazina, itafutiwe fungu lake. Kuchukua pesa iliyokatwa kwa jina la ufundi ukaipeleka kwingine, halafu ukageuka kuwaambia vijana "jiajirini, acheni kuchagua kazi", huo ni utani. Kijana hawezi kujiajiri kwa ujuzi ambao hukumpa.

Tena angalieni kazi ilivyo nyingi. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme umeongezeka, nyumba zinajengwa Kigamboni mpaka Chanika, Dodoma maofisi yanaota kama uyoga, kila duka la dawa linataka kiyoyozi, kila bucha linataka jokofu. Hospitali za wilaya zina vyumba vya upasuaji na majokofu ya chanjo. Wenzetu wa Njombe na Mbeya wanaodhani AC ni mambo ya watu wa pwani wajue mashine nyingi za sasa zinatoa na joto pia, kwa umeme mdogo kuliko hita ya waya. Nani atazifunga zote hizi? Kwenye miradi mikubwa nimeona kampuni inakuja na mafundi wake kutoka nje, sisi tunaitwa kubeba mabomba. Wakiondoka wanaondoka na ujuzi wao, tunabakia na mabua ya kazi.

Kwa hiyo tudai nini? Mimi nina mambo matano, na naomba jumuiya yetu iyapeleke kwenye ilani.

Kwanza, SDL yote ya ujuzi iende kwenye ujuzi, na kila mwaka Bunge lioneshwe imekusanywa shilingi ngapi na imenunua nini. Shilingi kwa shilingi, karakana kwa karakana.

Pili, kila chuo cha ufundi cha mkoa, na hivi vipya vya wilaya kwa awamu, kiwe na karakana ya majokofu na viyoyozi yenye vifaa vya gesi za leo. Kumfundisha kijana R22 peke yake ni kumfundisha kutengeneza kaseti.

Tatu, mafundi wa mtaani tufuatwe tuliko. Fundi mwenye watoto watatu hawezi kuacha kazi miezi sita akakae darasani. Kozi ya jioni au ya wikiendi, wiki nne, ya usalama, vakyumu na gesi zinazowaka, halafu apimwe apewe cheti na kitambulisho. Umeme wa majumbani una leseni za EWURA, na mteja anajua kuuliza. Mimi tangu nianze kazi ya gesi, hakuna aliyewahi kuniuliza chochote zaidi ya "bei gani, fundi?" Ila leseni isije kabla ya mafunzo, maana hapo itakuwa fimbo ya kutuchapia na mradi wa mgambo.

Nne, kila zabuni ya serikali yenye kufunga viyoyozi iwe na sharti la kuchukua wanagenzi, wavulana na wasichana, kwa mkataba, kwa bima, na kwa mkanda wa usalama. Serikali ndiyo mteja mkubwa. Ikisema kesho, kampuni zitafuata kesho.

Tano, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yenye 4 ya vijana, ikopeshe vifaa. Vikundi viliachwa hewani iliposimamishwa mwaka 2023, na iliporudi bado kijana anazungushwa fomu mpaka viatu vinaisha. Kikundi cha mafundi watano kikipewa pampu, geji, mashine ya kunyonya gesi, kamba na mikanda, kitarudisha hela ndani ya msimu mmoja wa joto.

Na sisi upinzani tujiseme pia. Tumekuwa hodari wa kusema "vijana hawana ajira" majukwaani, watu wanashangilia, tunashuka. Ukituuliza ajira gani, kwa mafunzo gani, kwa pesa ya fungu lipi, wengi wetu tunababaika. Kama tunataka kuongoza nchi, lazima tuijue bei ya pampu ya vakyumu kama tunavyojua vifungu vya katiba. Nawaomba viongozi wa vijana wa kila kata wafanye jambo moja mwezi huu: nendeni chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi, ombeni kuingia karakana, hesabuni vifaa, andikeni, leteni. Tukikusanya hizo karatasi tutakuwa na hoja ambayo hakuna waziri atakayeijibu kwa utepe.

Dogo sasa anatembea, anachechemea kidogo. Juzi alinipigia: "Kaka, kazi vipi, nije?" Nikamwambia aje, ila safari hii nimenunua kamba na mikanda miwili kwa hela yangu. Akacheka, akasema, "Kumbe vinauzwa?"

Ndiyo, dogo, vinauzwa. Na hela ya kukufundisha kuvivaa ilishakatwa zamani.

Mapambano yanaendelea.

Mwandishi ni fundi wa AC na mwanachama wa jumuiya ya vijana, Temeke.