Kinachoamua Kasi ya Mkulima Mdogo

Mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611 ilitoka kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964. Ilizalishwa kwa kukutanisha mahindi yaliyozoeleka Kenya na aina kutoka Ecuador, na katika nyanda za juu za magharibi iliipita mbegu ya kienyeji kwa kiasi ambacho jirani aliweza kukiona akiwa amesimama mpakani mwa shamba. Wakulima wadogo waliichangamkia. Iliuzwa katika maduka ya kawaida ya vijijini, na mvua ya huko iliitosha. Ukambani haikushika, kwa sababu ilichelewa kukomaa na mvua za huko hukatika mapema. Huko kituo cha Katumani, Machakos, kilitafuta aina zinazowahi.

Habari ya H611 inatosha kutilia shaka maelezo yanayopendwa mno katika ofisi za kilimo, kwamba mkulima mdogo huchelewa kwa sababu ni mgumu kubadilika. Jambo jipya likilipa shambani kwake, likapatikana karibu na kwa wakati wenye fedha, hulichukua upesi. Anaposita, aghalabu kuna hesabu ambayo mtaalamu hakuipiga.

Hesabu ya kwanza ni faida katika udongo wake mwenyewe. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walipima mbolea katika mashamba ya wakulima, si ya vituo vya utafiti. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia, kikitiwa kwenye kila shimo mahindi yakiwa ya magotini, kililipa vizuri. Mpango kamili uliopendekezwa rasmi, wenye mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, haukumrudishia mkulima wa kawaida gharama zake. Aliyeukataa hakuwa mjinga.

Lakini hata kile kijiko kilicholipa hakikutumiwa na wengi, na hapo ndipo kalenda ya fedha inapoingia. Mkulima hushika pesa baada ya mavuno, ilhali mbolea huhitajika miezi kadhaa baadaye. Katikati hupita ada za shule, ugonjwa na msiba. Watafiti haohao walijaribu kumfuata mkulima nyumbani mara tu baada ya mavuno, wakamuuzia mbolea kwa bei ya kawaida na kumpelekea bila nauli. Punguzo hilo dogo lilileta matokeo yasiyopungua yale ya kushusha bei kwa nusu wakati wa kukuzia. Serikali zinazotumia mabilioni kwa ruzuku zingepaswa kuutazama mwezi wa kuitoa kwa makini kama zinavyotazama kiwango chake.

Umbali nao hula faida. Mwanauchumi Tavneet Suri, akichambua takwimu za Kenya, aliona kuwa baadhi ya wakulima ambao chotara ingewaongezea mavuno mengi zaidi hawakuipanda, kwa kuwa kuipata kuliwagharimu mno.

Suala gumu kuliko yote ni imani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Uganda ulikuta mbolea ya madukani imepungukiwa na takriban 30% ya naitrojeni, na mbegu halisi katika zilizouzwa kama chotara hazikufika nusu. Mkoani Morogoro, Tanzania, hali ilikuwa kinyume: vipimo vya maabara vilionyesha urea ni nzuri, ila wakulima waliamini imechakachuliwa. Waliihukumu kwa macho. Urea iliyovuta unyevu stoo ikaganda mabonge ilionekana mbovu, hata kama virutubisho vyake vilikuwa kamili. Mavuno nayo hayamsaidii mkulima kujua ukweli upesi, maana shamba likizaa kidogo hawezi kubainisha kama kosa ni la mbolea, la mvua au la viwavi. Humlazimu kungoja msimu mwingine, pengine na wa tatu.

Teknolojia isiyonunuliwa dukani ina vizuizi vyake. Mbinu ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ni ya kupanda mmea wa desmodi katikati ya mistari ya mahindi na matete kuzunguka shamba. Desmodi hufukuza nondo wa viwavi watoboao mabua na kudhoofisha gugu la kiduha, na matete huwavuta nondo hao nje. Mwenye ng'ombe hupata malisho juu ya mahindi, kwa hiyo ana sababu mbili za kuikubali. Gharama kubwa ni kazi ya msimu wa kwanza: kuotesha desmodi na kuipalilia kwa mkono. Baadaye mimea hiyo hudumu ardhini kwa miaka, na manufaa yake huja kadiri inavyodumu. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja, au mwanamke anayelima ardhi inayoweza kugawiwa mtu mwingine wakati wowote, anaombwa atoe jasho leo kwa mavuno ambayo huenda yakawa ya mwingine. Kwake, hati ya ardhi au mkataba wa kukodi wa miaka mitano una uzito kuliko shamba darasa.