Mvuvi wa dago naye atambuliwe

Mwaka 2023 pwani ya Kenya ilishuhudia mambo mawili ambayo, yakitazamwa kwa pamoja, yana funzo kwetu sisi watu wa visiwani. Mwezi wa Julai, Serikali ya nchi hiyo ilianza kuwapa vitambulisho vya uraia Wapemba wa Kilifi na Kwale, watu walioishi huko kwa vizazi kadhaa bila ya karatasi ya kuwatambulisha. Mwezi wa Novemba, Mfalme Charles wa Uingereza alizuru Mombasa. Naye hakuwa na pasipoti.

Msomaji asidhani kwamba tunafanya mzaha. Mfalme wa Uingereza hana pasipoti kwa sababu pasipoti zote za nchi yake hutolewa kwa jina lake yeye, na mtu hajiandikii mwenyewe barua ya utambulisho. Wanawe wanazo, hata mrithi wa kiti chake anayo. Mama yake, Malkia Elizabeth, alitawala tangu 1952 hadi 2022, akazuru zaidi ya nchi 100, Tanzania ikiwemo mwaka 1979, bila ya kuhitaji hati hiyo. Kila alikofika, wenyeji walikwisha kumjua.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Pasipoti, kwa asili yake, ni barua ya serikali ya kumwombea raia wake njia na himaya mbele ya watu wasiomjua. Anayejulikana haihitaji. Lakini je, ni wafalme tu wanaojulikana?

Tangu enzi za mababu, wavuvi wa Pemba wamekuwa wakipiga dago. Msimu wa kaskazi, bahari itulipo, huchukua mashua, nyavu, unga na chungu, wakavuka mkondo wa Pemba hadi Vanga, Shimoni na kwengineko. Hupiga kambi ufukweni, wakavua kwa wiki au kwa miezi, kisha wakarejea makwao. Wengine walioa huko, wakazaa huko, na makaburi yao yako huko. Wenyeji waliwajua kwa majina yao na ya baba zao.

Wala hawakuwa wakivunja sheria ya mtu. Mwambao wa Kenya, kwa upana wa maili 10, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, ingawa Waingereza ndio waliouendesha tangu 1895. Hatulitaji hili kwa kumsifu Sultani, bali kwa kuiweka historia mahali pake. Mvuvi aliyetoka Wete kwenda Vanga katika zama hizo hakujihesabu kuwa ameingia nchi ya watu. Mpaka ulimkuta huko huko, nyavu zikiwa mkononi. Aliyejulikana na kijiji kizima akawa hajulikani na dola, na wanawe wakarithi hali hiyo. Bila ya kitambulisho hakuna hesabu ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna leseni ya uvuvi. Kukosa hati, ambako kwa mfalme ni heshima, kwa mvuvi kumekuwa hatia.

Yafaa tutazame wenzetu walivyofanya. Australia na Papua New Guinea zinatenganishwa na mlango wa bahari wa Torres, wenye visiwa vingi vidogo. Mwaka 1978 nchi hizo zilitia saini mkataba, ukaanza kutumika mwaka 1985, unaowaruhusu wenyeji wa asili wa eneo hilo kuvuka mpaka bila ya pasipoti wala viza ili kuvua, kulima, kuhudhuria shughuli za kimila na kubadilishana bidhaa zao. Mwananchi huchukua cheti kutoka kwa kiongozi wa kijiji chake, nacho hutosha. Anayetaka kufanya kazi ya mshahara au biashara kubwa hufuata taratibu za kawaida.

Sisi tunasema kwamba jambo kama hilo linawezekana baina yetu na Kenya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaziruhusu nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kuwa hati za kusafiria. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufanya hivyo mwaka 2014, na Tanzania haikuwamo. Kama shauri la nchi nzima ni zito, tuanze na wavuvi wa dago. Sheha aandike cheti, ofisi ya uvuvi ikithibitishe, na upande wa pili wakipokee. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo Serikali zetu zote mbili zinahusika, na hakuna itakayosema kwamba mzigo huu ni wa mwenziwe.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, nalo ni magendo. Ni kweli kwamba karafuu zetu zimevushwa kwa mlango wa nyuma mara nyingi. Lakini mlanguzi hupita usiku na wala haombi cheti kwa mtu. Kumwandikisha mvuvi mwaminifu hakumfungulii mlanguzi mlango. Kunamwondolea kichaka cha kujifichia.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mtoto azaliwapo, aandikishwe, hata kama amezaliwa dagoni. Asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa leo ndiye atakayeambiwa kesho kwamba hana kwao. Tusiilaumu Serikali kwa karatasi ambazo sisi wenyewe tulikataa kuzifuata.

Chuoni tulifundishwa kwamba miongoni mwa wanaostahiki zaka yumo msafiri aliyekwama njiani. Hakuulizwa kwanza ametoka dola gani. Dola za leo zina haki ya kuuliza, lakini zina wajibu pia wa kumwezesha mtu kujibu. Mfalme ana dunia nzima ya kumshuhudia. Mvuvi wa dago ana sheha wa kwao na wenyeji wa ufukweni. Serikali na zikae pamoja, ziukubali ushahidi huo.